Nina sikoseli na nataka kusomea udaktari, nitaweza?

Swali limetoka kwa binti wa kidato cha tano, anasoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) kwenye shule ya bweni huko Kanda ya Ziwa. Nimelifupisha kidogo ila maneno ni yake:

"Shikamoo dokta. Nina sikoseli, niligundulika nikiwa mtoto mdogo sana. Nimelazwa mara nyingi mpaka manesi wa wodi ya watoto wananijua kwa jina, nimeongezewa damu, nimekosa mitihani, kuna darasa nililirudia. Huko huko wodini ndo nilianza kutaka udaktari na mpaka leo sijataka kitu kingine. Mama anasema kazi ya kukesha itaniua, nisomee ualimu au uhasibu. Mwalimu wangu wa baiolojia anasema nina wito. Mimi naogopa vitu viwili: mwili usipohimili, halafu pia sijui kama hii hamu ni ya kweli au ni vile tu nimekulia hospitali sijaona kitu kingine. Naomba unijibu ukweli, usinifariji."

Marahaba mwanangu. Mimi ni daktari wa magonjwa ya damu na nafundisha wanafunzi wa udaktari, kwa hiyo swali lako nakutana nalo pande zote mbili, kliniki na darasani. Jibu fupi ni ndiyo, unaweza, na wapo waliofanya. Jibu refu lina masharti, na sharti kubwa kuliko yote wewe hujaligusa kabisa kwenye barua yako, nitalifikia.

Kwanza nikupe stori moja ambayo naona watu wengi wenye sikoseli hawajawahi kuambiwa. Mgonjwa wa kwanza duniani ambaye seli mundu zake, yaani zile seli nyekundu za damu zilizopinda zinazoleta sikoseli, ziliandikwa kwenye jarida la kitabibu alikuwa mwanafunzi wa fani ya afya. Anaitwa Walter Clement Noel, kijana wa kutoka kisiwa cha Grenada huko Karibea, alikwenda Chicago mwaka 1904 kusomea udaktari wa meno. Mwisho wa mwaka huo huo akalazwa, kifua kinamsumbua, damu imeshuka, ana makovu ya vidonda miguuni, na daktari kijana aliyekuwa kwenye mafunzo, Ernest Irons, akachukua tone la damu akaliangalia kwenye hadubini akaona seli zimepinda kama mundu. Bosi wake, James Herrick, ndo akaandika ripoti iliyotoka mwaka 1910. Sasa vitabu vingi vinaishia hapo, kwa Herrick, utadhani yule mgonjwa aliyeyuka. Hakuyeyuka. Noel aliendelea kulazwa na kutoka, kulazwa na kutoka, na akamaliza chuo mwaka 1907, akarudi kwao Grenada akafungua kliniki ya meno akafanya kazi mpaka alipofariki kwa nimonia mwaka 1916, akiwa na miaka 32. Ni umri mdogo, umeniomba ukweli kwa hiyo siufichi. Lakini fikiria alichokuwa nacho mkononi: hakuna antibiotiki, hakuna chanjo ya nimonia, hakuna benki ya damu, hata jina la ugonjwa wake halikuwepo wakati anapiga msuli. Wewe una vyote hivyo na zaidi.

Sasa twende kwenye hofu yako ya pili kwanza, manake ndo inayonivutia zaidi, kwamba hii hamu ni ya kweli au ni mazoea ya hospitali.

Mimi hilo neno wito huwa linanipa wasiwasi kidogo. Watu wakiona mgonjwa anataka kuwa daktari wanamwambia Mungu ana makusudi, na maneno hayo ni matamu ila yanambebesha mtoto mzigo, kwamba sasa asipofaulu amemwangusha Mungu na wodi nzima. Hamu yako imetoka kitandani, sawa, na kuna ubaya gani? Wengine imetoka kwa baba mwenye duka la dawa, wengine kwa matokeo mazuri ya kidato cha nne tu. Hakuna anayewauliza kama ni ya kweli. Cha kuangalia ni kama hiyo hamu inabaki pale ambapo mgonjwa anayezungumziwa si wewe.

Nikuonyeshe watu watatu, wote walikuwa na kisukari, wala hawakufanana hata kidogo.

Wa kwanza ni Mmarekani George Minot, daktari wa damu kule Boston. Aligundulika na kisukari mwaka 1921, kipindi ambacho kisukari cha namna yake kilikuwa hukumu, dawa ilikuwa kushinda njaa tu. Insulini ikaanza kutumika Toronto mwaka 1922 na yeye akaipata mwanzoni mwa 1923. Ungetegemea kwamba mtu aliyeokolewa hivyo angehamia kwenye kisukari moja kwa moja, lakini wapi, alirudi kwenye damu zake, na mwaka 1926 yeye na mwenzake William Murphy wakaonyesha kwamba kulisha wagonjwa maini kwa wingi kunatibu aina moja ya upungufu wa damu iliyokuwa inaua. Mwaka 1934 wakapewa tuzo ya Nobel pamoja na George Whipple. Ugonjwa wake ulibaki kuwa ugonjwa wake, kazi ikabaki kazi.

Wa pili ni Mskoti, Robin Lawrence, yeye alikuwa anaelekea upasuaji. Akiwa anafanya mazoezi kwenye maiti kipande cha mfupa kikamrukia jichoni, jicho likaoza, na katika kumtibu ndo wakagundua ana kisukari. Akaenda Florence, Italia, kufanya kazi huko na kusubiri kufa mbali na familia, hivyo hivyo, mpaka mwenzake alipompelekea telegramu mwaka 1923 kwamba insulini imefika na inafanya kazi, rudi haraka. Akaendesha gari kurudi London, na maisha yake yote yaliyobaki akayamwaga kwenye kisukari, akafungua kliniki kubwa, mwaka 1934 akaanzisha chama cha wagonjwa pamoja na H.G. Wells, akaishi mpaka 1968.

Wa tatu ndo nampenda zaidi, Richard Bernstein, huyu alikuwa injinia. Alipata kisukari akiwa na miaka 12. Mwaka 1969 akasikia kuna mashine ya kupima sukari kwenye tone la damu, mashine nzito ya bei ya dola 650, wanauziwa hospitali na madaktari peke yao, mgonjwa haruhusiwi. Bahati nzuri mke wake alikuwa daktari, akainunua kwa jina la mke. Akawa anajipima mara kadhaa kwa siku anaandika, anabadilisha dozi, anabadilisha chakula, hali yake ikatengemaa. Akaandika makala kuwaeleza madaktari kwamba mgonjwa anaweza kujipima mwenyewe nyumbani, majarida yakakataa, injinia gani anatuletea habari za kisukari. Ndo akaamua basi nitakuwa daktari, akaingia chuo cha udaktari cha Albert Einstein kule New York akiwa na miaka 45. Leo kila mgonjwa wa kisukari anayejitoboa kidole nyumbani anafanya kile walichomkatalia.

Unaona tofauti? Minot ugonjwa ulimwachia kazi yake vile vile. Lawrence ugonjwa ulimpa kazi mpya. Bernstein ugonjwa ulimpa hasira, na hasira nayo ni mafuta mazuri tu ya kusomea. Kwa hiyo usijilazimishe kwamba ukiwa daktari lazima uwe wa sikoseli. Najua umeshapanga, wote mnapanga hivyo. Iache wazi. Unaweza kufika mwaka wa nne ukakuta unapenda macho au magonjwa ya akili, na hutakuwa umemsaliti mtu yeyote.

Jinsi ya kujipima sasa hivi bila kusubiri chuo. Kwenye jenetiki mnasoma kwamba kwenye mnyororo wa beta wa himoglobini, ile protini ya seli nyekundu inayobeba oksijeni, asidi ya amino ya 6 ilitakiwa iwe glutamiki ikawa valini, kitu kimoja tu kimebadilika, na mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake wakaonyesha kwamba himoglobini ya mwenye sikoseli inatembea tofauti kwenye umeme, ikawa mara ya kwanza ugonjwa kufungwa kwenye molekuli. Ukisoma hiyo unasisimka au unasinzia? Halafu soma na mada ya figo, soma ya minyoo. Kama unasisimka kwenye damu peke yake na kwengine unakariri tu ili pepa lipite, hilo ni jambo la kulifikiria. Na ukimaliza kidato cha sita ule muda wa kusubiri matokeo, omba kujitolea kwenye zahanati au kituo cha afya karibu na kwenu, hata kazi ya kupanga mafaili mapokezi. Wewe hospitali umeiona ukiwa umelala. Ukisimama unaona foleni ya OPD, wagonjwa wa nje, unaona mzee mwenye upele anayerudi kila wiki kwa sababu nyumba nzima haijatibiwa, unaona nesi mmoja na akina mama kumi, unaona makaratasi. Kama bado utataka, basi.

Sasa ugonjwa wenyewe unakupa nini kikazi? Kitu kimoja kikubwa kweli kweli. Maumivu ya sikoseli hayaonekani. Presha inaweza kuwa ya kawaida, mapigo ya kawaida, hakuna kidonda, na mtoto anachezea simu huku anakwambia maumivu ni tisa kwa kumi, sasa nesi anamwangalia anasema huyu anadeka au huyu kazoea sindano. Wewe unajua kwamba ile simu ndo dawa yake ya pili, kwamba mtu aliyeishi na maumivu tangu utotoni hajui tena kulia kama anavyolia aliyevunjika mkono jana. Hilo sisi tunalifundisha kwa slaidi na bado wanafunzi wanalisahau wakifika wodini. Wewe hutalisahau.

Lakini kuna upande wa pili wa hilo hilo. Sikoseli yako ni moja. Kuna mwenye SS, yaani aliyerithi kinasaba cha sikoseli kwa baba na kwa mama, anayelazwa kila mwezi na mwenye SS aliyejulikana na miaka 30 wakati wa ujauzito. Daktari mwenye ugonjwa anaweza kuanza kumpima kila mtu kwa mwili wake mwenyewe, mbona mimi nilivumilia, mbona mimi dawa hii haikunisaidia. Na lile la kumwambia mgonjwa "hata mimi ninayo", linasaidia sana likisemwa mara chache na kwa sababu, likisemwa kila siku mgonjwa anaanza kukufariji wewe.

Halafu kuna siku ya lekcha ya sikoseli. Nakutahadharisha mapema. Utakaa kwenye ukumbi na wenzako zaidi ya mia, mwalimu atapanda na slaidi atasema Tanzania wanazaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wenye ugonjwa huu, atasema inakadiriwa kwamba Afrika bila matibabu zaidi ya nusu hawafikishi miaka mitano, ataonyesha picha za nyonga zilizokufa kwa kukosa damu na ubongo wenye kiharusi, na kuna mtu nyuma yako atasema "maskini". Nimeona wanafunzi wanatoka nje. Mimi siku hizi kabla ya ile slaidi nasema darasani kwamba huenda kuna mwenzenu humu anayo, na nasema takwimu ni za kundi lisilotibiwa, wewe uliyekaa hapo umeshaitoka hiyo takwimu. Walimu wengine hawasemi. Kwa hiyo jisemee mwenyewe.

Kuna na swali la mtihani linalokera, lile la malaria. Anthony Allison, mzungu aliyekulia Kenya, mwaka 1954 alionyesha kwamba wenye kinasaba kimoja, yaani AS, wanakingwa kiasi dhidi ya malaria kali, ndo maana kinasaba hiki kimejaa huku kwetu kwenye mbu. Wenzako watakuja kukuambia eti wewe huumwi malaria. Kinga ni ya AS. Wewe mwenye SS malaria inaweza kukuua haraka kuliko wao, kwa hiyo chandarua kila usiku, na dawa ya kukinga kama daktari wako amekuandikia.

Haya, mwili. Hapa ndo ulipoliacha lile jambo. Umeniandikia kulazwa, umeniandikia kuongezewa damu, umeniandikia kukosa mitihani, ila hakuna mahali umetaja haidroksiurea. Nimerudia barua yako nikitafuta. Inawezekana unatumia na hukuona haja ya kusema, lakini nimeona wengi mno wa umri wako ambao kliniki yao ni foliki asidi na "kunywa maji mengi", basi. Hizo ni nzuri, usiziache, ila kwa mtu anayelazwa mara nyingi kama wewe hazitoshi.

Haidroksiurea ni kapsuli ya kila siku. Inaamsha ile himoglobini ya utotoni, ya kabla hujazaliwa, ambayo haipindi, kwa hiyo seli zinakaa sawa muda mrefu zaidi. Marekani iliidhinishwa kwa watu wazima mwaka 1998. Huku kwetu watu waliogopa, wakasema Afrika kuna malaria na maambukizi, italeta shida, ndipo ukafanyika utafiti kwa watoto wa Kilifi Kenya, Mbale Uganda, Kinshasa na Luanda, matokeo yakatoka mwaka 2019: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria yenyewe ilipungua, na vifo vikapungua. Haianzi kufanya kazi wiki hiyo hiyo, ni miezi, na ina masharti, unapimwa FBP, kile kipimo cha kuhesabu seli za damu, mara kwa mara manake inaweza kushusha seli nyeupe, na siku ukitaka kupata mtoto unaongea na daktari kabla. Lakini tofauti kati ya mwanafunzi wa udaktari anayemaliza kwa wakati na anayeahirisha kila mwaka, kwa niliowaona mimi, mara nyingi ni hii kapsuli zaidi ya ujasiri. Ujasiri mnao wote.

Kwa hiyo kabla ya kufikiria TCU na maombi ya chuo, nenda kliniki. Kanda ya Ziwa, hospitali ya Bugando pale Mwanza wanahudumia wagonjwa wa damu. Kwa Dar, Muhimbili wana kliniki na utafiti mkubwa wa sikoseli ulioanza mwaka 2004 chini ya Profesa Julie Makani, na mengi tunayojua kuhusu wagonjwa wa Tanzania yametoka pale. Uliza haidroksiurea, uliza kama bima yenu inalipia, uliza vipimo vya figo, macho na nyonga. Nyonga nakusisitizia, manake ikianza kufa huku hujui na wewe unasimama raundi masaa matatu kila asubuhi, utajua kwa njia mbaya.

Utasikia pia habari za kupona kabisa. Zipo. Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma wameshaanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye sikoseli, ila inahitaji ndugu wa baba mmoja mama mmoja anayelingana nawe kwa aina ya tishu, na kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne. Ile ya kuhariri vinasaba iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2, kwa hiyo ifurahie kama habari, ila usiipangie ratiba.

Kuhusu kukesha, mama yako hajakosea. MD, yaani shahada ya udaktari, ni miaka mitano halafu mwaka mmoja wa intani, mafunzo ya kazi hospitalini, na huo mwaka wa intani ndo mgumu kuliko yote, zamu za usiku, huli, hunywi maji, unajikuta saa kumi alfajiri hujakojoa tangu jioni, na kwako wewe kukauka maji ndo kuita krisisi, yale maumivu makali ya ghafla, kwa jina. Thieta ina baridi ya eyasii, vaa sweta chini ya zile nguo, hakuna atakayekufukuza. Chupa ya maji kwenye koti kila siku, kama kuna profesa anachukia kuona mtu anakunywa maji kwenye raundi mwambie mapema kwa nini. Chanjo za nimonia, homa ya uti wa mgongo na ya ini B ziwe kamili kabla hujagusa wodi. Ukichagua chuo fikiria na hali ya hewa, Mbeya kuna chuo kizuri tu lakini Juni na Julai pale baridi haina mzaha. Hosteli omba chumba cha chini. Hivi ni vitu vidogo vidogo ila ndo vinavyoamua.

Na kitu kimoja ambacho hakiongelewi. Ukiwa ndani ya mfumo utakuwa karibu na dawa za maumivu, pethidini na mofini, na utajua kuchoma. Siku ya krisisi katikati ya mitihani utaona ni rahisi kujitibu chumbani kuliko kwenda kupanga foleni. Usifanye hivyo hata mara moja. Si kwa sababu eti wenye sikoseli ni walevi wa dawa, huo ni uzushi uliowatesa wagonjwa miaka mingi, ni kwa sababu maumivu ya kifua unayodhani ni ya kawaida yanaweza kuwa mapafu yameziba, na mtu anayejichoma peke yake chumbani hana wa kumhesabia pumzi. Uwe na daktari wako ambaye si mwalimu wako, na uwe mgonjwa kweli ukiwa mgonjwa.

Nani aambiwe chuoni? Siyo lazima darasa zima. Mshauri wa wanafunzi ajue kwa barua ya daktari wiki ya kwanza kabisa, rumeti ajue dalili za hatari ni zipi, homa, kifua, kichwa kikali ghafla au upande mmoja kulegea, na akupeleke wapi. Na ujue sheria ya mitihani ya chuo chako. Vyuo vingi vinakuruhusu kuahirisha pepa kwa ugonjwa ukileta karatasi KABLA, unafanya ya maalumu baadaye bila doa. Ila ukiingia chumba cha mtihani huku mgongo unawaka kwa sababu unaona aibu, ukakaa ukafeli, hapo umefeli kama wengine, unasapu, yaani unarudia mtihani, na ukisapu vibaya unadisko, unaondolewa chuo. Nimeona watu wenye akili nyingi wamepotea kwa aibu ya aina hii. Kuahirisha mwaka nako si mwisho wa dunia, ulirudia darasa na bado upo PCB.

Kama matokeo hayatatosha MD, au ukiona safari ni ndefu mno, kuna utabibu ngazi ya diploma miaka mitatu, kuna maabara, kuna famasia. Maabara kwa mtu anayependa damu ni sehemu nzuri sana, wale ndo wanaoziona seli kwa macho yao, sisi tunasoma karatasi tu. Uuguzi mtu asikudanganye kwamba ni mwepesi zaidi, kwa mwili ni mzito kuliko udaktari, unainua watu. Na hata ndani ya udaktari kuna radiolojia, patholojia, ngozi, magonjwa ya akili, afya ya jamii, siyo wote tunakesha maisha yote. Hayo utaamua ukiwa ndani, usiamue leo.

Nimalizie na mama. Yeye amekaa kwenye benchi la wodi miaka yote hiyo, ukisema udaktari yeye anaona unataka kurudi kule alikokuwa anaomba utoke. Usishindane naye kwa hoja za wito. Na ualimu anaousema nao ni kusimama kutwa mbele ya watoto themanini, uhasibu nao una mwisho wa mwezi wa kukesha, hakuna kazi isiyojua kuchosha. Mwambie aje na wewe kliniki hii likizo, aisikie hiyo habari ya haidroksiurea kwa daktari mwenyewe, aulize maswali yake yote hata yanayokuaibisha. Miezi sita ya kulazwa kidogo itamshawishi kuliko mimi.

Na mkiwa hapo kliniki msitoke bila barua ya shule, iende kwa mkuu na kwa matroni: usiogeshwe maji ya baridi alfajiri, usikimbizwe mchakamchaka, usipewe adhabu ya shamba juani, uruhusiwe kuwa na maji darasani na kwenda chooni bila kuomba mara tatu, na ukisema kifua kinauma upelekwe hospitali saa hiyo hiyo bila kusubiri kesho. Nakala moja kaa nayo wewe mwenyewe, matroni huwa wanabadilishwa.